Injini Inapochemsha Katikati ya Bahari

Injini ya dizeli ya mashua ya tanga huishi maisha magumu kuliko injini nyingi za nchi kavu. Hufungiwa ndani ya kisanduku kidogo chini ya ngazi au chini ya sakafu, hupumua hewa yenye chumvi, hukaa wiki nyingi bila kuwashwa, kisha huitwa ghafla wakati upepo umekufa, mkondo unavuta kuelekea miambani na nahodha anataka nguvu zake zote papo hapo. Haishangazi kwamba joto kupanda kupita kiasi ni miongoni mwa hitilafu zinazowasumbua sana wenye mashua za namna hii. Kinachoshangaza ni jinsi watu wanavyoitafuta hitilafu hiyo kwa kubahatisha: wanabadilisha themostati (vali inayofunguka yenyewe maji yakipata joto), isiposaidia wanabadilisha pampu, nayo isiposaidia wanaanza kumlaumu fundi wa mwisho aliyeigusa injini. Kwa maoni yangu kazi hii ina mpangilio wake, na mpangilio huo unatokana na njia ambayo maji huipitia, tangu yanapoingia chini ya mashua hadi yanapotemwa nje ya tezi, yaani nyuma ya mashua, pamoja na moshi. Anayeifuata njia hiyo hatua kwa hatua, huku akikumbuka joto lilipanda wakati gani na kwa namna gani, kwa kawaida hukifikia chanzo kabla hajafungua bolti nyingi.

Tuanze na joto lenyewe. Katika injini ya dizeli, takriban theluthi moja tu ya nishati iliyomo kwenye mafuta hugeuka kuwa nguvu ya kuzungusha rafadha, yaani propela. Theluthi nyingine hivi hutoka na moshi, na sehemu kubwa ya kinachobaki huchukuliwa na maji ya kupozea. Kwa hiyo injini inayotoa kilowati 20 kwenye shafti ina kilowati nyingine zisizopungua sana hizo, ambazo lazima zitupwe baharini muda wote inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Chukulia kwamba pampu inavuta lita 20 za maji ya bahari kwa dakika. Kila kilo ya maji hayo huhitaji karibu kilojuli 4 ili joto lake lipande kwa nyuzi moja ya Selsiasi, na ukipiga hesabu utaona kwamba maji yataongezeka joto kwa nyuzi 15 hivi: yaliyoingia na nyuzi 25 yatatoka kwenye kibadilisha joto, kifaa ambamo maji ya bahari hupokea joto la injini, na nyuzi 40. Mtiririko ukipungua kwa nusu, ongezeko linakuwa nyuzi 30. Ukibaki robo, ongezeko linafika nyuzi 60 na maji yanatakiwa yatoke na nyuzi 85, jambo lisilowezekana kwa injini iliyopangiwa kufanya kazi kwenye nyuzi 80 bila yenyewe kupanda juu zaidi ya hapo.

Hesabu hiyo inaeleza jambo ambalo huwatatiza wengi. Njia ya maji inaweza kuziba hadi nusu na geji isionyeshe lolote, kwa sababu themostati hufunguka zaidi na kuufidia upungufu. Kisha kuziba kidogo tu zaidi kunaangusha mfumo mzima. Mwenye mashua huapa kwamba injini ilikuwa salama hadi asubuhi hiyo, na hadanganyi, ila ugonjwa ulianza zamani.

Injini nyingi za leo zina mizunguko miwili ya maji. Mzunguko wa ndani ni wa maji matamu yaliyochanganywa na kulanti (dawa ya kupozea), ambayo husukumwa na pampu ya injini kupitia silinda na silinda hedi (kichwa kinachofunika silinda), hupitia themostati, kisha hurudi kupozwa. Mzunguko wa nje ni wa maji ya bahari: yanaingia kupitia tundu lenye koki chini ya mashua, yanapita kwenye kichujio, yanavutwa na pampu yenye impela ya raba (gurudumu lenye mabawa), yanapita ndani ya mirija myembamba ya kibadilisha joto ambako hupokea joto la maji matamu bila kuchanganyika nayo, halafu yanaingizwa kwenye kiwiko cha ekzosi (bomba lililopinda la kutolea moshi), yanaupoza moshi na kutoka nao. Zipo pia injini za zamani ambazo maji ya bahari hupita moja kwa moja ndani ya chuma chake. Hizo themostati yake hufunguka mapema, mara nyingi kati ya nyuzi 40 na 60, kwa kuwa maji ya bahari yakipashwa zaidi ya hapo huanza kuacha ukoko wa chokaa na chumvi ndani ya mifereji ya injini. Kuweka themostati ya nyuzi 80 kwenye injini ya aina hiyo ni kujitafutia balaa.

King'ora kinapolia, au sindano ya geji inapovuka mahali ilipozoea kukaa, jambo la kwanza ni kupunguza mizunguko ya injini na kuchungulia nje ya tezi, kwenye tundu la ekzosi. Je, maji yanatoka? Ikiwa hayatoki, au yanadondoka matone huku mvuke ukifuka na mlio wa ekzosi ukiwa mkavu na wa juu kuliko kawaida, injini izimwe mara moja, kwa maana kila sekunde inayopita inaunguza impela na mpira wa ekzosi, ambao hustahimili moto kwa sababu tu ya maji yanayopita ndani yake. Ikiwa maji yanatoka kwa wingi wa kawaida, ni afadhali kuiondoa gia na kuiacha injini izunguke polepole kwa dakika chache, kwa kuwa kuizima ghafla kunasimamisha maji ya ndani wakati chuma cha silinda hedi bado kina joto jingi, na maji yaliyosimama humo huchemka. Joto likiendelea kupanda hata baada ya hapo, hakuna budi kuizima. Mashua ya tanga ina bahati ambayo boti ya injini pekee haina: tanga lipo, na kama kina kinaruhusu, nanga nayo ipo. Mashua iwekwe salama kwanza, maana uchunguzi wa injini unaofanywa huku mtu akitazama miamba kwa jicho moja hauna maana.

Kifuniko cha tangi la kulanti kisiguswe injini ikiwa moto. Vifuniko hivyo huzuia shinikizo linalokaribia baa 1, na chini ya shinikizo hilo maji hayachemki hadi yafike nyuzi 120 hivi. Likiachiliwa ghafla, maji yaliyokuwa yametulia hugeuka mvuke kwa kishindo na kumrukia aliyeinama juu yake. Vilevile maji baridi yasimiminwe ndani ya injini iliyochemka, kwa sababu chuma kilichotanuka kikipozwa upande mmoja hupasuka au kupinda.

Wakati injini inapoa kuna kazi ya kufanya, nayo ni kukumbuka. Joto lilipanda ndani ya dakika moja au mbili, au lilijivuta kwa nusu saa? Lilipanda wakati wa mwendo wa polepole, au pale tu ulipoongeza mizunguko? Lilikuja baada ya mashua kulalia upande mmoja? Baada ya kupita kwenye mwani? Baada ya matengenezo? Joto linalopaa ghafla, na maji hayatoki nyuma, huwa ni koki iliyofungwa, mfuko wa plastiki uliolinasa tundu, impela iliyokatika au mkanda uliokatika. Joto linalopanda taratibu kila unapoongeza kasi, kisha likarudi ukipunguza, ni dalili ya njia iliyopungua upana: kibadilisha joto chenye ukoko, kiwiko chenye masizi, au mpira wa kuvutia maji unaojibana ndani kwa ndani. Joto linalopanda hata injini ikizunguka bila mzigo, huku maji ya bahari yakitoka vizuri, linaelekeza kidole kwenye mzunguko wa ndani. Maswali haya hayana gharama yoyote, lakini nimeona mafundi wazuri wakiyaruka na kwenda moja kwa moja kwenye spana.

Kwenye tundu la kuingizia maji ndipo penye vituko. Mfuko wa plastiki ukivutwa na pampu hujibandika kwenye tundu kama kizibo. Injini ikizimwa, mvuto unakoma, mfuko unaachia na kuzama au kuelea zake. Mwenye mashua akiwasha tena, maji yanatoka kama kawaida na yeye anabaki na fumbo lisilo na ushahidi. Akishaona hali hiyo na asipate kasoro nyingine yoyote, ana haki ya kushuku plastiki au mwani, mradi tu aikague impela, kwa kuwa huenda ilijisaga kavu kwa muda ule mfupi. Mashua inapokwenda kwa tanga na injini pamoja, na upepo ukailaza, tundu lililo upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, linaweza kutokeza juu ya maji na pampu ikaanza kuvuta hewa. Hapo dawa ni kupunguza tanga au kugeuza upande, si kubadilisha kifaa.

Kichujio kinasafishwa kwa haraka, na kwa sababu hiyo watu hukidharau. Kosa lake la kawaida si uchafu peke yake, ni kifuniko. Raba ya kifuniko ikiwa imekauka au imekaa vibaya, na kichujio kikiwa juu ya usawa wa bahari, hakuna tone litakalovuja. Badala yake pampu itavuta hewa, kwa kuwa hewa ni nyepesi kuvutwa kuliko maji. Mtu anatafuta uvujaji kwa macho asiuone, kwa sababu uvujaji wenyewe unaelekea ndani. Ishara ni mapovu yanayopita chini ya kifuniko chenye kioo, au maji ya ekzosi yanayotoka kwa kukohoa badala ya kwa mpigo unaolingana. Mpira wa kuvutia maji nao una ujanja wake: nje unaonekana mzima, lakini tabaka lake la ndani limebanduka, na mizunguko inapoongezeka tabaka hilo linavutwa na kuziba njia. Kuufinya kwa mkono wakati injini inakwenda kasi kunafichua mengi, mradi mkono usikaribie mkanda.

Sasa pampu. Impela ni gurudumu la raba lenye mabawa yanayopindika, ambalo huzunguka ndani ya kasha lenye upande mmoja ulioinuka. Bawa likifika hapo linabanwa, likipita linatanuka na kuvuta maji. Ni kifaa rahisi na chenye kutegemeka, kwa sharti moja tu, kwamba kisikose maji. Maji ndiyo mafuta yake ya kulainisha. Yakikosekana, mabawa huanza kuungua kwa msuguano na yanaweza kukatika kabla nahodha hajamaliza kujiuliza harufu ya raba inatoka wapi. Raba huharibika pia kwa kukaa tu: injini isipowashwa kwa miezi mingi, mabawa yaliyobanwa hubaki yamepinda na shina lake hupasuka. Kwa hiyo umri wa impela uhesabiwe kwa kalenda pia, na kuibadilisha kila mwaka ni desturi nzuri hata kama saa za kazi ni chache. Mwenye kufungua pampu atazame na kifuniko chake: kikiwa kimechimbwa mikwaruzo ya duara, maji hurudi nyuma kupitia mikwaruzo hiyo na pampu hupoteza nguvu ya kuvuta hata ikiwa na impela mpya. Vifuniko vingi vinaweza kugeuzwa na upande laini ukatumika.

Impela iliyokatika si mwisho wa kazi, ni mwanzo wake. Vipande vilivyokatika havibaki kwenye pampu. Vinasukumwa mbele na maji hadi mahali pembamba pa kwanza, na kwa kawaida mahali hapo ni midomo ya mirija ya kibadilisha joto. Niliwahi kusaidia kuchunguza injini ambayo ilikwenda vizuri kwa mwendo wa polepole na kuchemsha kila ilipotakiwa kufanya kazi ya kweli. Impela ilikuwa mpya. Kichujio kilikuwa safi. Themostati ilikuwa imebadilishwa, na ile ya zamani, nilipoijaribu, ilikuwa nzima kabisa. Mwenye mashua alikuwa ameshaanza kuzungumzia kufungua silinda hedi, na kila aliyepita alikuwa na nadharia yake.

Tulichofanya ni kupima maji kituo baada ya kituo. Tuliufungua mpira unaotoka kwenye pampu, tukauelekeza ndoo, tukawasha injini kwa sekunde chache tu kwa mwendo wa chini kabisa, kwa kuwa ekzosi wakati huo haina maji. Maji yaliruka kwa nguvu. Tukaurudisha, tukafungua mpira unaotoka kwenye kibadilisha joto na kurudia jaribio kwa muda uleule. Safari hii maji yalikuja kwa unyonge. Kati ya mahali pawili hapo palikuwa na kifaa kimoja tu, kwa hiyo hapakuwa na haja ya mjadala. Tulipofungua kifuniko cha mwisho wa kibadilisha joto tulikuta mabawa ya raba yamejipanga kwenye midomo ya mirija, mengine yamekakamaa kwa uzee na mengine bado laini, ishara kwamba hayakutoka kwenye impela moja. Kwa muda mrefu kila aliyebadilisha impela hapo alitia mpya na kwenda zake bila kuyahesabu mabawa ya ile ya zamani. Ushauri wangu tangu wakati huo ni kuiweka impela iliyotolewa juu ya kitambaa, kuvipanga vipande vyake mpaka gurudumu litimie, na kutofunga kazi hadi kila kinachokosekana kipatikane. Kikikosekana kabisa, kutiririsha maji kinyumenyume kutoka upande wa mbele mara nyingi hukitoa.

Kibadilisha joto kina maadui wengine. Chokaa ni wa ajabu kidogo, kwa kuwa tofauti na sukari au chumvi ya mezani, huyeyuka kwa shida zaidi maji yanapokuwa na joto. Ndiyo maana ukoko hujijenga hasa pale penye moto mwingi, na ukishaanza hupunguza upitaji wa joto, ambao nao huzidisha moto na ukoko. Mirija yenye ukoko inaweza kupitisha maji ya kutosha na bado ishindwe kupoza, kwa hiyo jaribio la ndoo halitaufichua. Adui mwingine hutokana na ulinzi wenyewe: kijiti cha zinki kinachofungwa ndani ili kiliwe badala ya shaba. Kinaliwa kweli, lakini kikiachwa hadi kimong'onyoke, vipande vyake huanguka na kuziba mirija. Kijiti kikaguliwe na kibadilishwe kikiwa kimebaki nusu. Ukoko huondolewa kwa kuitoa mirija yote na kuiloweka kwenye asidi hafifu, kama vile asidi ya limau au dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa muda ule tu ambao mapovu yanaendelea kutoka, kisha kusuuzwa sana. Asidi kali hula shaba pia, na tundu dogo kati ya mizunguko miwili litaingiza chumvi ndani ya injini, msiba mkubwa kuliko ule wa mwanzo. Raba za mwishoni ziwe mpya wakati wa kufunga.

Kiwiko cha ekzosi ndicho ninachokishuku mapema kuliko wanavyokishuku wengine. Hapo moshi wenye masizi, wa nyuzi mamia kadhaa, hukutana na maji ya bahari kwa mara ya kwanza, na masizi yaliyochanganyika na chumvi hugeuka kuwa kitu kigumu kama mkaa uliokandamizwa. Kwa miaka njia hupungua kutoka upana wa vidole viwili hadi wa penseli. Moshi ukikosa njia, injini haiwezi kupumua: hewa safi haiingii ya kutosha, mafuta hayaungui sawasawa, moshi unakuwa mweusi, mizunguko ya juu haifikiwi tena, na joto linapanda. Upande wa maji nao huziba kwenye midomo myembamba yanapoingilia. Udhaifu huu haujioneshi kwa nje. Kiwiko kinaweza kuwa kimepakwa rangi nzuri na ndani yake hata kidole hakipiti, na hakuna njia ya kujua isipokuwa kukitoa na kutazama. Injini inayoendeshwa mara nyingi bila mzigo, kwa mfano ya kuchaji betri tu nangani, huziba haraka zaidi, kwa sababu inaungua kwa ubaridi na kutoa masizi mengi. Kwa nini wauzaji wa mashua za mitumba huonesha saa za injini na si ndani ya kiwiko, kila mtu ajijibu mwenyewe.

Nikiwa bado kwenye ekzosi, niseme neno kuhusu jambo ambalo si joto lakini huzaliwa na kulihangaikia. Injini iliyozimwa kwa sababu ya joto mara nyingine hugoma kuwaka, na mtu huishikilia stata muda mrefu. Kila inapozunguka bila kuwaka, pampu inaendelea kuleta maji ya bahari lakini hakuna moshi wa kuyasukuma nje, kwa hiyo yanajaa kwenye sanduku la ekzosi hadi yarudi kupitia vali na kuingia silinda. Injini ya aina hiyo ikigoma, koki ya maji ifungwe wakati wa kuizungusha, na ifunguliwe mara inapowaka. Ni hapo tu ninapokubali koki ifungwe injini ikizunguka.

Mzunguko wa ndani una mambo machache. Usawa wa kulanti utazamwe injini ikiwa baridi. Mkanda unaoendesha pampu ya ndani ukiwa umelegea au unang'aa pembeni utateleza wakati wa kasi. Vumbi jeusi karibu na puli ni ushahidi wa kutosha. Kifuniko cha tangi chenye springi dhaifu hushindwa kushika shinikizo, na maji hufurika kabla ya wakati wake. Themostati hujaribiwa kwa kuining'iniza ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto bila kugusa chini: inatakiwa ianze kufunguka karibu na nyuzi zilizochapwa juu yake na iwe wazi kabisa nyuzi kama 10 hadi 15 baadaye. Jaribio hilo la jikoni ndilo linalotakiwa litangulie ununuzi. Baada ya kumwaga na kujaza upya, hewa hubaki imejificha mahali pa juu, hasa pale ambapo mipira inakwenda hadi kwenye tangi la kupashia maji ya kuogea lililo juu kuliko injini. Ikibaki humo, maji ya moto yanaizunguka bila kuisogeza na sehemu ya silinda hedi inakaa kavu. Skrubu za kutolea hewa zipo kwa ajili hiyo.

Wakati mwingine kila kitu kwenye njia ya maji ni kizima na injini bado inachemsha, kwa kuwa inabeba mzigo usio wake. Rafadha iliyoota viumbe vya magamba, kamba iliyojizungusha kwenye shafti, sehemu ya chini ya mashua iliyojaa mwani, au rafadha mpya iliyochaguliwa kubwa mno, zote huifanya injini iungue mafuta mengi kwa mizunguko michache. Kipimo ni rahisi: katika maji matulivu injini inatakiwa ikaribie mizunguko ya juu iliyoandikwa na mtengenezaji. Isipoikaribia, na moshi ni mweusi, basi ama inabebeshwa mno ama haipumui, na kabla ya kufungua kiwiko ni nafuu kupiga mbizi na kuitazama rafadha.

Hayo yote yanachukulia kwamba geji inasema kweli. Haisemi kweli siku zote. Waya wa kihisi ukigusa chuma cha injini, geji nyingi huruka hadi mwisho wa joto hata injini ikiwa baridi. Hatari zaidi ni kinyume chake: kulanti ikivuja yote, kihisi hubaki kikining'inia hewani, na sindano inaweza kuonesha joto la kawaida au hata kushuka wakati chuma kinaungua. Kwa sababu hiyo naamini king'ora kinachopima joto la mpira wa ekzosi kina faida kuliko geji ya pili, kwa kuwa hugundua ukosefu wa maji ya bahari dakika kadhaa kabla injini yenyewe haijahisi. Kipimajoto cha miale nacho ni rafiki mzuri, mradi mtumiaji ajue kwamba chuma kinachong'aa humdanganya na kusoma chini ya joto halisi. Doa la rangi nyeusi isiyong'aa au kipande cha utepe mweusi mahali pa kupimia huondoa tatizo. Kikielekezwa mahali yanapoingia na yanapotoka maji ya bahari kwenye kibadilisha joto, tofauti ya nyuzi inaweza kulinganishwa na hesabu niliyoianza nayo: tofauti kubwa sana ni upungufu wa maji, na tofauti ndogo sana huku injini ikiungua ni mirija yenye ukoko au kulanti isiyozunguka.

Gasketi ya silinda hedi, ile pakiti inayoziba kati yake na silinda, naiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu mara nyingi huwa ni matokeo ya joto kabla ya kuwa chanzo chake. Dalili zake zinajitegemea. Mapovu hupanda kwenye tangi la kulanti mara tu injini baridi inapowashwa kabla maji hayajapata joto; mipira hukakamaa kwa shinikizo ndani ya dakika ya kwanza; kulanti hupungua bila ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua) kulowa; oili hugeuka rangi ya maziwa; moshi mweupe hukaa hewani wala haupotei haraka kama mvuke wa kawaida wa ekzosi yenye maji. Pasipo hata moja ya hizo, sioni sababu ya kuifungua silinda hedi ikiwa mashuani.

Matengenezo yakikamilika, mashua ifungwe vizuri kwenye gati kwa kamba za omo (mbele) na tezi, gia iingizwe mbele, na injini ibebe mzigo wa wastani kwa nusu saa huku joto likiandikwa kila dakika chache kwenye silinda hedi, mahali pa kuingilia kibadilisha joto, pa kutokea, na kwenye mpira wa ekzosi. Namba hizo zihifadhiwe kwenye daftari la injini, kwa kuwa ndizo zitakazolinganishwa na za siku nyingine. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, kifuniko cha tangi kifunguliwe na usawa wa kulanti utazamwe. Ukiwa pale ulipoachwa, mashua inaweza kuondoka. Ukiwa umeshuka, na hewa iliyobaki ndani imeshatolewa, na hakuna mpira wala kiungo chochote kilicholowa, basi uchunguzi urudi kwenye gasketi.